Umemaliza Biokimia na unataka kusoma sheria: njia yote, toka diploma mpaka interogasyo (jaribio) ya kwanza

Kila mara matokeo ya Exetat (mtihani wa serikali wa mwisho wa sekondari) yakitoka simu yangu inajaa swali moja, "yaya, mi nilifanya Biokimia, fakilte ya sheria watanipokea kweli?", mwingine ni Mathe-fizikia, mwingine Elektrisite, zote ni seksyo za sekondari, lakini woga ni ule ule. Nimejibu watu moja moja mpaka nimeona heri niandike yote pamoja, polepole, juu mi mwenyewe nilitoka Biokimia hapa Lubumbashi nikaingia sheria na najua wapi njia iko laini na wapi watu wanaanguka.

Jibu kwanza: ndiyo, unaingia. Huku kwetu Kongo fakilte ya sheria haikufungii mlango juu ya seksyo uliyosoma. Udaktari na politekniki njo zinauliza sana kama ulifanya sayansi, lakini sheria inapokea mtu wa Latini-filozofi, wa Pedagojia, wa Komersiale, wa Biokimia, wote. Wanaangalia kama uko na Diploma ya Serikali na asilimia ngapi, na kuna unive (vyuo vikuu) zinaongeza mtihani wa kuingia ambao mara nyingi ni Kifaransa na maarifa ya jumla. Kwa hiyo we mtu wa sayansi uko na milango mingi kuliko rafiki yako, usianze kwa kujiona mdogo.

Sasa tuseme ukweli, shida iko wapi. Shida iko kwa Kifaransa na kwa namna ya kuandika. Miaka minne umezoea kuandika mistari mitatu na formula, alafu unaingia oditwari (ukumbi wa masomo) ya watu mia kadhaa ambako prof anasoma kuru (somo lake) masaa mawili bila kuandika kitu ubaoni. Hapo njo tunapoteza watu, na mwongozo huu karibu wote ni juu ya hapo.

Kabla ya yote: ongea nyumbani

Naweka hii mbele juu imekata watu wengi. Papa yangu alikaa kimya siku mbili nilipomwambia. Siku ya tatu, tuko kwa meza, bukari (ugali) bado iko moto, akauliza: "Miaka yote nililipa Biokimia, ulisema utakuwa daktari, sasa unataka kuvaa toga?" Nilikuwa nimejitayarisha na maneno mengi ya haki na nchi, lakini mama alinifinya chini ya meza, nikajibu tu kitu kimoja: "Papa, mtu wa sheria anayeelewa kemia hapa kwetu ni wachache, na mji wetu unaishi na mine."

Na ni kweli, mwambie mzazi wako hivyo hivyo. Hapa ni Katanga. Kodi ya Mine (kitabu cha sheria za migodi, si ushuru) ni sheria ya tarehe 11 Julai 2002, wakaibadilisha tarehe 9 Machi 2018, na toka hapo kobalti ikatangazwa madini ya kimkakati na malipo yake kwa serikali yakapanda mpaka 10%, wakati shaba iko 3.5%. Mto ukichafuka na asidi, wanakijiji wakipeleka kampuni kwa tribinali, nani atasoma ripoti ya laboratwari na kuelewa pH ya 3 inamaanisha nini kwa samaki na kwa shamba la mahindi? Avoka (wakili) ambaye hajui hata pH ni nini atamwamini eksperti wa upande wa pili. We hautamwamini bure. Ni vile vile kwa kesi za hospitali, za dawa bandia, za ADN (DNA), za ajali kazini. Papa yangu alifikiri, akasema "sawa, lakini usirudi nyuma tena". Usiombe ruhusa kwa kusema sayansi imekushinda, hata kama hesabu zilikuchosha, mzazi anasikia kuanguka tu.

Karatasi

Hapa napita haraka. Mara nyingi wanaomba: diploma ao, kama haijatoka, atestasyo ya kufaulu, buletini za miaka miwili ya mwisho (wengine bado wanasema ya tano na ya sita, siku hizi ni ya tatu na ya nne ya umanite (sekondari), ni kitu kimoja), atestasyo ya kuzaliwa, ya mwenendo mwema, ya afya, picha za pasipoti. Fotokopi zifanye nyingi toka mwanzo na orijinali usimwachie mtu bila karatasi ya kuonyesha amepokea. Ile jina lako kwenye buletini na kwenye diploma ilingane herufi kwa herufi, kama kuna tofauti irekebishe mapema, hiyo inaliza watu miaka mitano baadaye siku ya kuchukua diploma ya unive.

Kuchagua unive: UNILU iko na historia ndefu, ilianza 1956 kama unive rasmi ya wakati wa ukoloni, ikawa kampasi ya UNAZA (unive ya taifa ya Zaire) toka 1971, na toka 1981 njo inaitwa Université de Lubumbashi. Kuna na za binafsi. Kwa ya binafsi uliza kitu kimoja bila haya: ruhusa ya serikali, namba yake na tarehe, na uliza kama ni kwa fakilte ya sheria yenyewe, juu unive inaweza kuwa na ruhusa ya fakilte moja na kufungua ingine. Wakikujibu kwa maneno matamu bila karatasi, ondoka. Kama uko Bukavu kuna UOB na UCB, Goma kuna UNIGOM na ULPGL, swali ni lile lile.

Muda wa masomo: tuko sasa kwa LMD (mfumo wa lisansi, masta, doktora), miaka 3 ya lisansi (L1, L2, L3) alafu miaka 2 ya masta. Mwaka moja ni krediti 60, semesta moja 30. Ba yaya wa zamani watakuambia gradua na lisansi, 3 na 2, usichanganyikiwe, lisansi yao wao ilikuwa mwaka wa tano na yako inaisha mwaka wa tatu, jina moja vitu viwili.

Miezi ya kungojea: tengeneza Kifaransa

Toka siku ya Exetat mpaka masomo yaanze uko na miezi. Wengi wanalala. We tafuta kakaye (daftari) kamoja ka kurasa 100 na fanya hivi.

Soma Katiba ya tarehe 18 Februari 2006. Iko na artikle 229, inapatikana bure kwa intaneti, hata kwa Leganet ambako sheria zetu nyingi zimewekwa. Artikle tano kwa siku, mwezi moja na nusu umemaliza. Usiikariri. Soma artikle, funga simu, andika kwa Kifaransa chako mwenyewe inasema nini kwa sentensi mbili zilizo kamili, alafu fungua uone umesahau neno gani. Sentensi kamili, hapo njo dawa yenyewe iko, juu sisi wa sayansi tunaandika kama telegramu: "donc x = 4". Sheria inataka nani, anafanya nini, juu ya nini, kwa masharti gani.

Alafu andika maneno ya uongo. Naita maneno ya uongo yale ya Kifaransa unayofikiri unayajua. "Meuble" we unaona kiti na kabati, kumbe kwa sheria ni kila kitu kinachoweza kuhamishwa, ng'ombe ni meuble, pikipiki ni meuble. "Immeuble" unaona jengo la ghorofa, kumbe shamba tupu la Kasenga ni immeuble, na hata miti iliyo bado na mizizi. "Parquet" si sakafu, ni ofisi ya wale wanaoshitaki kwa jina la serikali. "Minute" ni orijinali ya hukumu inayobaki tribinali, na "grosse" ni kopi yenye nguvu ya kukufanya ulipwe. "Fruits" ni pamoja na pesa ya loyer. "Mise en demeure" haina kitu na nyumba, ni kumwonya mtu rasmi atimize ahadi yake. Nilikuwa na maneno kama 140 ndani ya kakaye kangu kabla ya siku ya kwanza, na kila moja liliniokoa mahali fulani.

Na soma kwa sauti. Jioni, nje, dakika kumi. Interogasyo za mdomo zipo, na mtu anayejua jibu lakini ulimi unafunga anapata sawa na asiyejua.

Wiki za kwanza ndani ya oditwari

Kampasi iko njia ya Kasapa (ukimwambia mtu wa mji "niko Kasapa" anauliza kampasi ao gereza, juu zote ziko upande huo). Kama unatoka Katuba ao Ruashi, hesabu transporti ya kila siku kwa mwezi mzima kabla ya kusema minervali (karo) peke yake njo bei ya masomo. Kuna watu walilipa minervali yote na kufikia mwezi wa tatu hawana ya taxi-bus, wanakosa kuru za asubuhi, na kukosa kuru za sheria ni kukosa kitabu juu prof anasema vitu ambavyo haviko kwa silabusi na njo anauliza vile. Bora kulipa kwa transhi (mafungu) kama unive inakubali na kuweka ya njia pembeni.

L1 utakutana na Utangulizi wa sheria, Sheria ya kiraia upande wa watu na familia, Sheria ya katiba, Sheria ya mila za Kongo, na zingine kama lojiki, ekonomi politiki, sosyoloji. Lojiki na ekonomi ni zako, mtu wa Mathe-fizikia anapumua hapo, chukua pointi zote. Ile ya familia isome na Kodi ya Familia mkononi, sheria ya tarehe 1 Agosti 1987, lakini hakikisha ni ile yenye mabadiliko ya tarehe 15 Julai 2016. Hii naomba uiweke akilini: kuna fotokopi za zamani zinazunguka kwa wauzaji wa silabusi, watu wanajibu mtihani na artikle iliyokufa. Kila sheria unayoshika uliza swali moja, imebadilishwa lini mara ya mwisho. Sayansi ilikuzoesha kuwa sheria ya Ohm haibadiliki, huku zinabadilika na zinakufa.

Kuandika notisi: usijaribu kuandika kila neno, utapotea dakika ya kumi. Gawa karatasi mara mbili, upande mkubwa maneno ya prof, upande mdogo namba za artikle na mfano aliotoa. Mfano andika daima, hata ukionekana wa kuchekesha, juu usiku kabla ya mtihani mfano njo unarudisha kanuni yote kichwani. Tengeneza vifupi vyako: art. (artikle), al. (alinea), CF (Kodi ya Familia), CP (Code pénal, Kodi ya jinai), TGI (Tribinali kubwa), Tripaix (Tribinali ya amani). Alafu siku ile ile, si wikendi, soma tena notisi na ujaze mashimo na rafiki wawili watatu. Tafuta ndani ya kikundi mtu moja wa Latini-filozofi. We utamsaidia lojiki, yeye atakusahihishia sentensi, hakuna anayemwonea mwenzake.

Interogasyo: hapa sayansi yako njo inakuokoa

Nakaa hapa kidogo juu hapa njo kila kitu kiligeuka kwangu.

Interogasyo yangu ya kwanza ya Utangulizi wa sheria asistanti alitupa kakesi: mtu wa pikipiki anapita pembeni ya soko ya Kenya (komini yetu, si nchi), anaangalia simu, anagonga meza ya mama anayeuza nyanya. Nyanya zote zimesagika. Mama anataka alipwe. Ana haki ao hapana? Kwa kuru tulikuwa tumesoma artikle 258 ya Kodi ya kiraia, Kitabu cha 3.

Mi niliandika: "Ndiyo, mama ana haki, juu mtu wa pikipiki ana kosa, art. 258." Nikatoka wa kwanza kwenye oditwari, nimefurahi. Siku ya matokeo kwa valve (ubao wa matangazo) jina langu liko na 4 juu ya 20. Nikaenda kwa asistanti na kopi yangu mkononi, nikamwambia jibu ni la kweli. Akasema, "jibu ni la kweli, lakini mimi sikukuuliza jibu." Akachukua bik nyekundu, akaandika pembeni: données, inconnue, formule, solution. "Fizikia mlikuwa mnafanya hivi?" Ndiyo, asistanti. "Basi kwa nini umeacha hapo nyumbani?"

Nikaandika upya usiku ule. Tazama inavyokuwa:

Données: mtu anaendesha pikipiki, macho kwa simu, anagonga meza, nyanya zinaharibika, ni mali ya mama. Matukio tu, bila hasira, bila kuongeza kitu ambacho swali halikusema.

Inconnue: je, mwendesha pikipiki analazimika kumlipa mama hasara? Swali la sheria linaandikwa kama swali, sentensi moja.

Formule: artikle 258, "Tout fait quelconque de l'homme, qui cause à autrui un dommage, oblige celui par la faute duquel il est arrivé à le réparer." Maana yake, kitendo chochote cha mtu kinacholeta hasara kwa mwingine kinamlazimisha mwenye kosa kuirekebisha. Alafu unaivunja kama formula: inataka vitu vitatu, kosa, hasara, na kiungo kati yao. Kimoja kikikosa, hakuna malipo.

Solution: chukua kimoja kimoja. Kosa: kuendesha huku unaangalia simu ni uzembe, na artikle 259 inasema wazi uzembe na kutojihadhari vinahesabika. Hasara: nyanya zimesagika, mama amepoteza mtaji na faida ya siku. Kiungo: bila kugongwa meza, nyanya zingekuwa nzima. Vitatu vimetimia, kwa hiyo mwendesha pikipiki analazimika kulipa.

Na kama unataka pointi za juu, unageuza data kidogo, kama tulivyokuwa tunabadilisha masharti kwenye problemu. Kama pikipiki ni ya patron na huyu ni mfanyakazi wake aliyekuwa kazini? Artikle 260 inafungua njia ya kumfuata patron. Kama mama aliweka meza ndani kabisa ya barabara? Basi na yeye ana sehemu yake ya kosa. Hapo asistanti anaona unafikiri.

Kila kesi nilifanya hivyo toka siku ile na pointi zikapanda mpaka sikuamini. Watu wa Latini-filozofi walikuwa wanaandika Kifaransa kizuri kuliko mimi kwa mbali, lakini wengine walikuwa wanazunguka kurasa mbili bila kusema masharti ni mangapi. We umefundishwa kuonyesha hatua. Hiyo mali usiitupe, ivishe tu sentensi kamili. Ata juji analazimishwa hivyo: artikle 21 ya Katiba inasema kila hukumu inaandikwa na inatolewa sababu.

Enda tribinali

Artikle 20 inasema masikizo ya korti na tribinali ni ya wazi, isipokuwa pale juji anafunga juu ya usalama ao heshima. Maana yake we mwanafunzi wa L1 unaingia Tripaix, unakaa nyuma, unasikiliza, hakuna anayekudai kitu. Vaa vizuri, zima simu, ingia kabla ya juji. Utaona kitu ambacho silabusi haisemi: mama anaeleza kesi ya mupaka wa parseli kwa Kiswahili, juji anamuuliza kwa Kiswahili, na grefye (karani wa tribinali) anaandika kwa Kifaransa. Maneno yake "alikula pesa yangu" yanakuwa abus de confiance kwenye karatasi. Kazi yetu karibu yote iko ndani ya huo mruko, na mtu anayejua Kiswahili cha mama na Kifaransa cha karatasi vizuri vyote viwili anahitajika sana. Andika unachosikia, jioni tafuta artikle yake.

Mbele kidogo

Usingoje masta kujua unataka kwenda wapi. Kwa avoka, sheria ya tarehe 28 Septemba 1979 njo inapanga mambo: avoka anajiandikisha kwa baro (chama cha mawakili) iliyo pembeni ya Korti ya rufaa na anafanya staji (mazoezi ya kazi) ya miaka 2, defanseri judisyeri anafanya kazi pembeni ya Tribinali kubwa. Kwa kuwa juji ao mtu wa parke, wanaingiza kwa mashindano yanayoendeshwa na Baraza kuu la majaji. Kuna notere, kuna ofisi za ardhi, inspekta wa kazi, jurista wa kampuni, na toka Kongo ilipoingia OHADA (umoja wa nchi za Afrika wenye sheria moja za biashara) tarehe 12 Septemba 2012 biashara inataka watu wanaosoma hizo sheria mpya vizuri. Na kwa mtu wa sayansi narudia mine na mazingira, chagua kuru za upande huo ukifika L3, na mada ya kazi yako ya mwisho wa masomo iweke huko, kitu unachoweza kupima: maji, udongo, vumbi.

Na kama uko tayari ndani ya udaktari ao politekniki mwaka wa kwanza na moyo uko sheria, utaanza L1 kama wengine wote. Chukua releve yako ya pointi kabla ya kuondoka, lipa deni lililobaki huko, uende ukiwa na karatasi safi. Mwaka ulioupitia unauma, najua, lakini niliketi benchi moja na dada aliyekuja hivyo, na kuru ya sheria ya afya yeye njo alikuwa anatueleza sisi wote.

Siku ya kwanza fika mapema ukae mistari mitatu ya mbele, juu oditwari ikijaa mikro haifiki nyuma, na beba bik mbili.